Own: kumiliki, kukiri au kubebeshwa?

Mkubwa wa ofisi akisimama mbele ya wafanyakazi na kusema "nataka kila mmoja aumiliki mradi huu," ujue hakuna hati itakayobadilishwa jina. Siku mradi ukiuzwa, hakuna mfanyakazi atakayeitwa kwenye mgao. Anachofanya mkubwa huyo ni kutafsiri neno moja la Kiingereza, own, kwa neno la kwanza analolikuta kwenye kamusi. Maana yake halisi ni kwamba mambo yakiharibika, mtaulizwa ninyi.

Own ni neno lenye sura nyingi. Mwenye nyumba husema I own this house, na hapo "kumiliki" inakaa sawasawa. Lakini anayesema I own my mistake hamiliki kosa lake, amelikiri. Na own up ni kuungama kabisa. On my own ni "peke yangu". With my own eyes ni "kwa macho yangu mwenyewe", ambapo neno hilo halimpi mtu mali yoyote, linakazia tu. Wachezaji wa michezo ya kompyuta nao humwambia aliyefungwa vibaya kwamba amekuwa owned, yaani amegaragazwa. Wakaliandika pia pwned, herufi ya p ikiwa jirani ya o kwenye kibodi, na leo hata watu wa usalama wa mitandao hulitumia kwa akaunti iliyodukuliwa.

Wapo wanaoona kwamba neno limevutwa mpaka limelegea. Kwao, own ya vikao vya ofisini ni ujanja: unampa mtu heshima ya mwenye mali huku unambakizia mzigo tu. Hoja hiyo ina nguvu, ila kwanza tuitendee haki historia ya neno lenyewe. Katika Kiingereza cha kale kulikuwa na kitenzi āgan, kuwa na kitu. Kutoka ukoo huo wakazaliwa ndugu watatu: own, kuwa na mali, owe, kudaiwa, na ought, kupaswa. Owe yenyewe zamani ilimaanisha kuwa na kitu kabla haijageukia deni. Kwa hiyo anayesema kwamba own ina wajibu ndani yake hajazua jambo. Kiswahili kilipita njia nyingine. "Miliki" imetoka katika Kiarabu, kwenye mzizi uleule uliotupatia "malkia". Kiingereza kilimkalisha mwenye mali karibu na mdaiwa. Sisi tumemkalisha karibu na kiti cha enzi. Ndiyo maana "umiliki wa mradi" unasikika kama ahadi kubwa kuliko aliyoikusudia msemaji wa Kiingereza.

Wanaotetea matumizi mapya wana mifano mizuri. Katika usimamizi wa hatari, risk owner ni yule mwenye kuwajibika na mwenye mamlaka ya kuishughulikia hatari hiyo. Angalia hilo la pili: mamlaka. Azimio la Paris la mwaka 2005 kuhusu ufanisi wa misaada nalo liliweka ownership kuwa kanuni ya kwanza kati ya tano, na likaieleza kuwa ni nchi zinazopokea misaada kushika uongozi wa sera zao za maendeleo. Unaweza kubishana kama hilo lilitekelezwa, lakini maana yake haikuwa mzigo mtupu. Kwangu mimi hapo ndipo penye mpaka. Own ya wajibu ni halali ikiandamana na uwezo wa kuamua. Ikikosa uwezo huo, inabaki lawama iliyovikwa suti.

Upande wa biashara mambo yamegeuka kinyume: mnunuzi anapewa neno, mali inabaki kwa muuzaji. Mwaka 2009 Amazon iliondoa nakala za riwaya mbili za George Orwell kwenye vifaa vya Kindle, vya kusomea vitabu vya kielektroniki, vya watu waliokwisha kuzilipia, kwa kuwa aliyeziweka sokoni hakuwa na haki za kuziuza. Fedha zilirudishwa. Hata hivyo, duka la vitabu vya karatasi haliwezi kuingia sebuleni kwako usiku na kuchukua kitabu, hata likikuachia pesa mezani. Wauzaji hujibu kwamba faili si kitabu: hunakiliwa mara elfu bila kuchakaa, na leseni ndiyo inayokuwezesha kulipakua tena ukibadilisha simu. Nakubali kwamba hoja hiyo ina uzito. Lakini inatetea leseni, haitetei kuiita leseni ununuzi. Jimbo la California liliona hivyo, na sheria yake iliyoanza kutumika Januari 2025 inamzuia muuzaji kutumia neno "nunua" kwa bidhaa ya kidijitali bila kueleza wazi kwamba kinachotolewa ni leseni. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya nayo imeamua mara mbili kwa namna mbili: mwaka 2012 iliruhusu programu ya kompyuta iliyopakuliwa kwa leseni isiyo na kikomo iuzwe tena, na mwaka 2019 ikakataa vitabu vya kielektroniki kuuzwa hivyo.

Tusijifanye kwamba sisi hatuvuti maneno. Mtangazaji wa mpira hutuambia timu fulani ina umiliki wa mpira wa asilimia 60, na mpira si wa timu ile wala ile. Magazeti huandika kwamba mtu amekamatwa kwa kumiliki silaha, hata kama aliishika tu kwa niaba ya mwingine. Kiingereza hapo kina possess, kuwa na kitu mkononi, na hakiichanganyi na own.

Basi mfasiri afanyeje? Mimi hutumia "miliki" pale tu mtu anapoweza kuuza, kuazima au kurithisha. Kitufe cha duka la sinema mtandaoni kinachosema own it today ningekiandika "lipia uitazame". Na yule mkubwa wa ofisi ningemwandikia hivi: "Nataka kila mmoja abebe dhamana ya mradi huu." Ikisemwa hivyo, mfanyakazi wa safu ya nyuma hatapiga makofi. Atanyoosha mkono aulize sahihi yake inaruhusiwa kuidhinisha kiasi gani.