Gemu jipya la WRC: tunalipia barabara au tunalipia picha?

Kuanzia 2027 hadi 2032, leseni ya gemu rasmi la Mashindano ya Dunia ya Rali, WRC, inarudi kwa kampuni ya Kifaransa ya Nacon. Studio ya KT Racing ya Paris ndiyo iliyotengeneza magemu hayo kuanzia 2015 hadi 2022, kisha leseni ikavuka bahari kwenda Uingereza kwa studio ya Codemasters, chini ya kampuni ya Marekani ya EA. Kule lilitoka gemu moja tu, EA Sports WRC, Novemba 2023. Sasa tunaopenda rali tunasubiri litakalofuata, na kila ninapokaa na wenzangu nasikia madai mawili yakitolewa kwa mkupuo mmoja: lionekane kama picha ya kamera, na bei isizidi dola 50.

Kila dai lina haki yake likisimama peke yake. Yakiwekwa pamoja, naona linaloumia ni lile jambo lililotufanya tuipende rali tangu mwanzo.

Gemu la 2023 lilitoka kwa dola 49.99, wakati magemu makubwa ya PlayStation 5 yalikuwa yameshafika 69.99. Lawama zilianza siku ile ile. Miti inaonekana bapa, mwanga hauna uhai, watazamaji wamesimama kama vinyago, na Dirt Rally 2.0 ya 2019, kutoka studio hiyo hiyo, inapendeza zaidi. Mpwa wangu alisimama nyuma yangu nikiwa nimefunga usukani kwenye meza ya kulia chakula, akatazama kidogo, akaniuliza, "Mjomba, mbona hii miti ni kama ya karatasi?" Yeye amezoea Forza Horizon 5, gemu la magari ambamo hata tone la maji kwenye kioo cha gari linang'aa. Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu miti kweli ilikuwa kama ya karatasi.

Lakini tuhesabu. Mwaka 2001, Gran Turismo 3, gemu la mbio za magari la PlayStation 2, iliuzwa Marekani kwa dola 49.99. Miaka 22 baadaye, EA Sports WRC iliuzwa kwa dola 49.99. Senti zile zile. Ila dola 50 za 2001, ukizipandisha kwa mfumuko wa bei wa Marekani, zilikuwa sawa na takriban dola 86 za 2023. Kwa maneno mengine, mteja wa 2023 alilipa chini ya asilimia 60 ya alichotoa mteja wa 2001, na alitarajia kitu ambacho mteja yule hakuweza hata kukiota. Kazunori Yamauchi, baba wa Gran Turismo, aliwahi kueleza kwamba enzi za PlayStation ya kwanza mchoraji mmoja alimaliza gari moja kwa siku moja hivi. Kufikia Gran Turismo 5 ya 2010, gari moja lilimla mchoraji miezi 6. EA Sports WRC ilikuwa na magari 78. Yachore yote kwa kiwango kile cha miezi 6 na utahitaji miaka 39 ya kazi ya mtu mmoja, kabla hajapanda mti hata mmoja kando ya barabara. Hesabu hii nimeirudia mara nyingi kichwani, na sijapata njia ya kuikwepa: mtu fulani lazima ailipe ile miaka 39, au isifanyike.

Na gari ndilo jepesi. Kinacholemea studio ya rali ni barabara, na hapa ndipo wanaoilinganisha rali na magemu ya saketi wanapokosea. Saketi ni barabara ya duara inayorudiwa, na ile ya Monza, Italia, ina kilomita 5.8. Ukishaichora vizuri, dereva ataizunguka mara 50 katika mbio moja, na kila jani ulilolipamba ataliona mara 50. Mkondo wa rali, yaani kipande cha barabara ambacho kila gari hupimwa muda wake, ni kitu kingine kabisa. Sleeping Warrior, kule karibu na Ziwa Elmenteita, ulikuwa na takriban kilomita 31 Safari Rally iliporudi kwenye WRC mwaka 2021. Kila kona katika kilomita hizo unaipita mara moja, mwelekezi wako akisoma maelekezo, macho yako yakiwa mita mia moja mbele. Hiyo ni kama Monza tano na zaidi zilizounganishwa, na huo ni mkondo mmoja tu, katika nchi moja.

Dirt Rally 2.0, hiyo inayosifiwa kwa uzuri, ilitoka na nchi 6 za rali, na mikondo yake mirefu kabisa ilikuwa na kilomita kama 16. EA Sports WRC ilitoka na rali 17, ya 18 ikaongezwa baadaye bila malipo, na mikondo ikavuka kilomita 30. Codemasters wenyewe walieleza kwamba waliiacha injini yao ya zamani, yaani programu inayoendesha gemu, na kuhamia ile iitwayo Unreal kwa sababu ile ya zamani isingeweza kubeba mikondo mirefu namna hiyo. Kwa hiyo ile miti ya karatasi haikutokana na uvivu. Ilitokana na uamuzi wa kuchagua urefu kuliko urembo, na mimi nasema walichagua sawa. Mkondo wa kilomita 30 unakufanyia jambo ambalo mkondo wa kilomita 8 hauwezi: unachoka. Dakika ya kumi na tano mikono inalegea, akili inaanza kubahatisha, matairi yamekwisha, na ndipo unapoelewa kwa nini madereva wa kweli hushuka garini wakiwa hawana la kusema.

Nirudi kwenye Safari, kule Naivasha, maana huko ndiko nilikofundishwa maana ya uhalisia. Nilisimama kando ya mkondo mwaka 2022, kitambaa mdomoni. Gari unalisikia kwanza. Kisha unaona vilele vya migunga vikipotea kimoja kimoja, kisha linapita, na hulioni: unaona ukuta wa kahawia wenye taa mbili ndani yake. Chini ni fesh-fesh, vumbi laini kama unga wa ngano uliochekechwa, linalofunika mawe na mashimo ili dereva asijue anakanyaga nini. Gari limekwenda zake na vumbi bado liko hewani, limening'inia, halina haraka. Ndiyo sababu magari huachiwa kwa kupishana dakika kadhaa. Na ndiyo sababu Safari huamuliwa na kile usichokiona. Mwaka 2021 dereva Thierry Neuville aliongoza hadi Jumapili asubuhi, mfumo wa springi wa gurudumu la nyuma ukaharibika, na mpinzani wake Sébastien Ogier akaondoka na ushindi.

Sasa niambie, kati ya jani linalong'aa na vumbi linalobaki hewani, kipi ni uhalisia? Ukinipa gemu lenye migunga bapa lakini vumbi lake linanifanya niinue mguu kwenye pedali kwa hofu, umeniuzia Safari. Ukinipa migunga ya kupigia picha juu ya barabara ngumu kama lami iliyopakwa rangi ya udongo, umeniuzia kalenda ya ukutani.

Upande wa pili una hoja, na mbili kati yake ni nzito kweli.

Ya kwanza ni kugandaganda. Kwenye kompyuta nyingi, EA Sports WRC ilikuwa inaganda kwa kipande cha sekunde katikati ya mkondo, na masasisho yaliyofuata hayakuridhisha kila mtu. Hapa siwatetei. Kwa mwendo wa kilomita 130 kwa saa gari linakwenda mita 36 kila sekunde. Picha ikiganda nusu sekunde, umepita mita 18 ukiwa kipofu, na katika rali mita 18 ndiyo kona yenyewe. Mteja aliyelalamikia hilo hakuwa akidai urembo. Alikuwa akidai barabara aliyoilipia, na alistahili kuipata siku ya kwanza. Bahati mbaya malalamiko yake yalichanganywa na yale ya miti, yote yakaitwa "picha mbaya", na ukichanganya hivyo studio haijui ianze wapi.

Ya pili ni shilingi. Ile hesabu yangu ya dola 86 ni ya Mmarekani. Sisi tukifungua Steam, duka la mtandaoni la magemu ya kompyuta, tukiwa Nairobi au Dar es Salaam tunaona bei kwa dola, hakuna bei yetu. Mwaka 2001 dola moja ilikuwa kama shilingi 78 za Kenya, na gemu la dola 50 lilikuwa kama 3,900. Novemba 2023 dola ilikuwa imefika kama shilingi 152, na gemu la dola 50 likawa 7,600. Kwa Mmarekani namba haikusogea, kwetu ilikaribia kuongezeka maradufu. Kijana wa Nakuru ambaye rali inapita karibu na kwao, anayeijua harufu ya lile vumbi kuliko mchoraji yeyote wa Paris, analipa karibu sawa na mtu wa Paris. Nikisema gemu lipandishwe bei, najua ninamgusa nani.

Hata hivyo namwona kijana huyo akiumizwa zaidi na njia nyingine ya kuuza: bei ya chini mlangoni, kisha nyongeza za kulipia kila baada ya miezi michache, na toleo jipya kila mwaka linalofanana na la jana. KT Racing walilipitia hilo. WRC 5, 6 na 7 zilifuatana 2015, 2016 na 2017, na tofauti kati yake ulihitaji kuitafuta. Mwaka 2018 hawakutoa kitu. WRC 8 ya 2019 ikaja na gari linaloshika ardhi, lenye uzito, na watu waliokuwa wamewakatia tamaa wakarudi. Mwaka mmoja wa kutulia ulifanya kazi kubwa kuliko ahadi zote za matangazo. Na mwaka uliofuata, Septemba 2020, WRC 9 ilitupeleka Naivasha wakati Safari yenyewe ilikuwa imefutwa kwa sababu ya korona. Tuliendesha mikondo ya nyumbani miezi tisa kabla ya Ogier kuikanyaga. Haikuwa gemu zuri zaidi kwa macho mwaka ule, wala hatukujali.

Mwaka 2025 EA ilisitisha mipango yake ya rali na baadhi ya wafanyakazi wa Codemasters wakapoteza kazi. Sisemi lawama za miti ndizo zilizowafukuza. Nasema soko la rali ni dogo, haliwezi kulipia kiwango cha Forza Horizon kwa bei ya dola 50, na kila mwezi ambao mchoraji anang'arisha majani ni mwezi ambao mtu mwingine haufanyii kazi mshiko wa tairi kwenye changarawe.

Kwa hiyo nikiulizwa bei, nasema dola 60, mara moja, rali zote zikiwemo tangu siku ya kwanza, na miaka miwili au mitatu kabla ya kuniomba pesa tena. Kwa wanaolipwa kwa shilingi, natamani utaratibu wa bei za kikanda wa Steam utufikie na sisi, na nchi inayoandaa mkondo mgumu kuliko yote katika kalenda ingestahili kufikiriwa kwanza. Siku trela ya kwanza itakapotoka sitatazama miti. Nitasubiri gari lipite, kisha nihesabu vumbi linabaki hewani sekunde ngapi.