Mgonjwa wa moyo akitoka wodini anabaki na nani?

Mimi naishi Marekani, jimbo la Minnesota, kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani kwao na wengi wana huu ugonjwa wa moyo kushindwa kusukuma damu vizuri. Ndugu zangu wa Tanga huwa wanadhani wagonjwa wa huku wanaishi kwa sababu ya mashine kubwa kubwa. Mashine zipo sikatai, ila kinachowazuia kurudi wodini kila mara ni vitu vya kawaida kabisa na ndio maana inaniuma.

Asubuhi mzee akitoka chooni, kabla hajanywa hata chai, anapanda mizani. Naandika uzito kwenye daftari, kisha nambonyeza kwa kidole gumba juu kidogo ya kifundo cha mguu, shimo likibaki na uzito umepanda kama kilo moja na kitu kwa siku moja, au zaidi ya kilo mbili kwa wiki, napiga simu kwa nesi wa kliniki ya moyo. Na anapokea, yani anapokea kweli! Anauliza usiku analalia mito mingapi, anaongea na daktari, dozi ya furosemaidi, kidonge cha kutoa maji yaliyojaa mwilini, inapandishwa kwa siku kadhaa, au anasema mleteni, basi anakaa kwenye kiti pale kliniki masaa machache anachomwa sindano ya mshipa ya kutoa maji, anakojoa weee, wanapima figo na potasiamu, jioni yuko kwake anaangalia tivii. Hajalazwa.

Wala msidhani ni huruma tu. Medicare, bima ya serikali ya wazee, tangu Oktoba 2012 inazikata hela hospitali ambazo wagonjwa wao wa moyo wanarudi kulazwa kupita kiasi ndani ya siku 30, na makato yanaweza kufika asilimia 3 ya malipo. Hospitali ikiguswa mfukoni inakumbuka kupiga simu kumuulizia mgonjwa.

Sasa nyumbani Tanzania. Shangazi yangu alilazwa maji yamejaa mapafuni, madaktari wakamhangaikia mpaka akapumua vizuri, kwa hilo nawashukuru sana. Siku ya kuruhusiwa akapewa dawa za mwezi na tarehe ya kliniki, basi. Habari ya mizani hakuambiwa, namba ya kupiga hakuna, dawa zikaisha akakaa hivyo hivyo akisubiri mtoto apate hela, magoti yakauma akaenda duka la dawa akauziwa diklofenaki ambayo inafanya mwili ushike maji na chumvi, na kitoweo ndani ng'onda, samaki mkavu wa chumvi. Akarudi wodini amevimba mpaka mapajani na majirani washaanza kusema ni mkono wa mtu.

Furosemaidi na mwenzake spironolaktoni, navyo vya wagonjwa wa moyo, ni vidonge vya zamani, sio dawa za matajiri. Na wagonjwa wetu sio wa miaka 80 kama hawa wangu, utafiti wa nchi kadhaa za Afrika uliochapishwa 2012 ulikuta wastani ni miaka 52 na chanzo kinachoongoza ni presha. Mtu wa miaka 52 bado anasomesha!

Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili ipo tangu 2015 na najivunia nayo, lakini mtu wa Pangani hawezi kupanda basi mpaka Dar kwa sababu miguu imeanza kuvimba. Ninachotaka ni nesi mmoja wa moyo kila hospitali ya wilaya, mwenye simu ya kazi na vocha, na kitanda cha kuchomwa sindano ya kutoa maji mchana na kurudi nyumbani. Wahudumu wa afya wa mtaani wanaotembelea wajawazito wapewe na mizani ya watu wazima. Sheria ya bima ya afya kwa wote ilipitishwa 2023, basi hizi huduma ziwemo kwenye kitita, maana kumlaza mtu mara tatu kwa mwaka ndio hasara.

Na tuna kitu ambacho huku hakuna. Mzee wangu anaishi peke yake, nisipokuja hakuna wa kumkumbusha kidonge. Kwa shangazi nyumba imejaa, na sasa mjukuu wa darasa la sita ndiye anayesoma mizani na kuituma kwenye grupu la familia kabla ya kwenda shule. Tunachokosa ni nesi wa kumtumia hizo kilo.