Hati ya Shamba Isipopatikana

Mtu anayetaka kutambuliwa rasmi Kanada kuwa mzao wa Watiifu wa Mfalme, yaani wale wakazi wa makoloni ya Marekani waliosimama upande wa Uingereza katika vita vya uhuru wa Marekani na kuhamia kaskazini baada ya kushindwa, hudaiwa karatasi. Chama cha wazao hao, kilichoanzishwa 1914, kinataka kila kizazi kifungwe na kilichotangulia kwa ushahidi: ubatizo, ndoa, wosia, ombi la ardhi. Masimulizi ya bibi peke yake hayatoshi. Wapo wanaolalamika kwamba huu ni ukali unaozifungia nje familia nyeusi zilizotua Nova Scotia, mashariki mwa Kanada ya leo, mwaka 1783, kwa kuwa zinadaiwa zionyeshe kitu ambacho hazikupewa. Wengine wanajibu kwamba nasaba bila karatasi ni hadithi tu.

Wanaotetea karatasi wana hoja. Tarehe 9 Novemba 1789 gavana wa Quebec, Lord Dorchester, aliamuru majina ya Watiifu yaandikwe ili wazao wao watofautishwe na wahamiaji wa baadaye, na kila mtoto wao apewe ekari 200: wa kiume akifika miaka 21, wa kike akifika umri huo au akiolewa. Ardhi ya bure ikitangazwa, jamaa huongezeka. Ndiyo maana katika orodha ya Upper Canada, yaani Ontario ya leo, yapo majina yaliyofutwa baada ya kuchunguzwa. Kwa familia iliyostahili, ombi la ekari zile ni hazina. Binti anajitaja kuwa mke wa fulani wa mji fulani, na mtoto wa fulani aliyekuwa Mtiifu. Sentensi moja tu, na mtafiti ana vizazi viwili, ndoa na makazi. Anayejua jinsi wanawake wanavyopotea kwenye kumbukumbu mara tu wanapoolewa atalielewa hilo.

Lakini utaratibu wote huo unaanzia shambani. Asiyepewa shamba je?

Miaka sita kabla ya amri ile, Dorchester alikuwa bado anaitwa Sir Guy Carleton, kamanda wa Waingereza New York, na aliandikisha daftari jingine. Mkataba wa amani uliwakataza Waingereza kuondoka na watumwa wa Wamarekani. Carleton alishikilia kwamba waliokimbilia jeshi lake kwa ahadi ya uhuru hawakuwa tena mali ya mtu, ila alikubali waandikwe, ili mabwana wao wakidai fidia baadaye pawe na hesabu. Daftari hilo, lijulikanalo kama Book of Negroes, lina watu kama 3,000: meli, bandari waendako, jina, umri, sura, aliyekuwa bwana wao, walitoroka lini. Kwa hiyo mtu yuleyule aliandikisha orodha mbili, moja ya heshima na nyingine ya mali inayogombaniwa. Na hii ya mali ndiyo inayomwonyesha mtu kwa karibu zaidi. Katika hesabu nyingi za walowezi za 1784, Mtiifu mweupe ametajwa kwa jina, kisha mke na watoto wake ni tarakimu tu.

Mfano ni Deborah Squash. Daftari linasema ana miaka 20, uso una makovu ya ndui, alikuwa mtumwa wa Jenerali Washington na alimwacha miaka kama 4 iliyopita. Yuko na mumewe Harry, safari ni ya Port Roseway, mji uliokuja kuitwa Shelburne. Sasa weka kando yake orodha ya watoro wa Mount Vernon, shamba la Washington: Deborah alitoroka 1781, umri miaka 16 hivi, pamoja na wengine waliopanda meli ya kivita ya Uingereza iliyofika mtoni Potomac. Basi 1783 alikuwa na miaka 18, na alikuwa ametoroka miaka 2 tu iliyopita. Mtetezi wa karatasi ataligeuza hili kuwa hoja yake: usiiamini karatasi moja. Sawa kabisa. Ila angalia ni nani tunayemhakiki kwa vyanzo viwili: msichana aliyezaliwa utumwani, ambaye kwa kawaida asingekuwa na hata kimoja.

Ushahidi unapungua baada ya kutua, na hapo hesabu moja hainitoki kichwani. Ahadi kwa Watiifu ilikuwa ekari 100 kwa mkuu wa kaya na 50 kwa kila mtu wa nyumbani mwake. Mwaka 1784 Birchtown, kitongoji cha weusi jirani na Shelburne, kilihesabiwa kuwa na watu 1,521. Kufikia 1788, kati ya wanaume 649, waliopata mashamba walikuwa 184, wastani ekari 34. Kwa ahadi ile, mume, mke na watoto wawili walistahili 250. Kiongozi wao, Stephen Blucke, alipata 200. Ukiwatoa wale 184, wanabaki wanaume 465 ambao hati ya shamba haiwezi kuwataja, hata ukeshe nyarakani. Walikuwa vibarua kwenye mji wa wengine, na hata kibarua hicho kiliwaponza: Julai 1784 wanajeshi walioachishwa kazi waliwavamia kwa kuwa walikubali ujira mdogo. Benjamin Marston, mpima ardhi wa Shelburne, aliandika katika shajara yake kwamba nyumba zao kama 20 zilibomolewa.

Kwa hiyo pengo kwenye nasaba ya familia ya Birchtown ni alama ya ahadi isiyotimizwa. Kulihesabu kama udhaifu wa ushahidi ni kumdai aliyedhulumiwa risiti. Sisemi masimulizi yapokelewe hivihivi. Anayedai kuwa mzao wa Harry Washington, si yule mume wa Deborah bali mtumwa mwingine aliyetoroka Mount Vernon 1776, hatoshelezwi na jina la ukoo tu. Washington ni wengi mno. Kila kiungo kitafutwe, ila kitafutwe mahali ambapo mtu huyo aliwahi kuandikwa: daftari la New York, hesabu ya Birchtown, kodi ya kichwa ya Nova Scotia ya miaka ya 1790.

Na karatasi za kuondoka zisisahauliwe. Januari 1792 watu karibu 1,200 walipanda meli 15 bandarini Halifax kwenda Sierra Leone, Harry Washington akiwamo. Miezi miwili kabla, waliojiandikisha Birchtown waliulizwa walizaliwa wapi, wana zana gani, wanaacha ardhi kiasi gani. Harry ameandikwa mzaliwa wa Afrika. Kwa wengi wao, orodha hiyo ya kuihama Kanada ndiyo inayoonyesha waliishije walipokuwa huko.