Bibi Harusi Ndani, Gia Imegoma

Jirani yetu hapa Shela, Malindi, alikua anaoza binti yake, mume ni mtu wa Mambrui, na gari la kumbeba bibi harusi likawa ni langu kwa sababu mbili tu: ni jeupe na eisi yake inapoza. Umri wa gari hakuna aliyeuliza. Ni Toyota saluni ya miaka ya 1990, otomatiki, namba yake inaanza na KA, na kwa hii chumvi ya bahari ya kwetu kila penye waya pameshaota ukungu wa kijani, lakini injini yake tamu na giaboksi yake naiamini mimi kuliko ninavyoamini indiketa ya tuktuk yoyote ya mji huu.

Asubuhi akaja kijana wa mapambo. Kazi yake haswa ni kufunga spika na taa kwenye tuktuk, harusi ni za kuongezea mkate. Akabandika maua kwenye boneti, akazungusha ribini, halafu akatoa mkanda wa taa za rangi akaniambia, "Bro, hizi zakaa nyuma, kila ukikanyaga breki zapepesa, hio harusi nzima itakua yaangalia wewe." Akafungua buti, akauchuna waya wa taa ya breki, akasokota wake juu yake, akapiga selotepu, akaupitisha pale ukingoni akafunga buti taratibu. Nikakanyaga breki, taa zikacheza, watoto wa mtaa wakapiga vigelegele. Akalipwa akaenda zake, na simu yake toka hapo ikawa haipatikani mpaka magharibi.

Mchana tukafika kwa bibi harusi. Nyumba yenyewe iko ndani ya kichochoro ambacho gari likiingia hata paka apita kwa kuomba ruhusa. Nikatia P, ile gia ya kuegesha, nikaacha injini inanguruma eisi isikatike, wakaanza kupakia: sanduku la bibi harusi, sinia za halwa, mikeka, mto wa kijani ambao hadi leo sijui ulikua wa nini. Buti halifungi. Wakaja mabinamu wawili wenye afya wakalikalia, likafunga pwaa!

Bibi harusi akaingia nyuma na udi wake na buibui lake, pembeni akaingia shangazi mtu, na huyu shangazi ni lazima nimweleze. Ni mama mkubwa wa mwili na wa sauti, ndie somo wa kumfunda bibi harusi, ndie mwenye kauli ya mwisho, nywele zimesukwa zikabanwa na machupio ya fedha na juu kuna mtandio. Kiti cha mbele akawekwa mtoto wa kiume, mdogo wake bibi harusi, mikono haitulii. Tarumbeta zikalia. Nikakanyaga breki, nikauvuta mkono wa gia utoke P.

Haukuja.

Nikavuta tena kwa adabu. Haukuja. Nikavuta bila adabu, nao ukakaa pale pale. Shangazi akasema, "Mwanangu, si tuondoke? Uso wa mtoto wayayuka." Nikamwambia saa hii shangazi, dakika moja, na ile dakika ikaanza kukusanya watu.

Sasa gari likikwama Malindi usidhani utapata watazamaji, wewe utapata madaktari. Wa kwanza alikua dereva wa tuktuk aliyekwama nyuma yangu, akasema mafuta ya giaboksi yamekwisha. Wa pili mzee mmoja wa barazani akasema otomatiki hazifai mahali penye joto, kwa hio sijui Mombasa na Dubai waendesha nini. Halafu akaja dalali. Huyu akainama dirishani, akasikiliza injini na macho kayafumba, akatikisa kichwa na huzuni za msiba, "Pole ndugu yangu. Giaboksi imekwenda hio. Mimi nakuondolea mzigo hapa hapa kwa bei ya vyuma." Nikamwambia lakini kuna bibi harusi ndani. Akasema atasubiri ashuke.

Vijana wakasema lisukumwe. Nikajaribu kuwaeleza kua ukiwa kwenye P mle ndani ya giaboksi kuna jino la chuma linaingia kwenye gurudumu la meno, magurudumu ya mbele yanafungika, hata mlete trekta yataburuzwa tu. Tarumbeta zinalia, nani atanisikia. Wakasukuma. Gari likayumba, likarudi mahali pake, kanzu ya mjomba mtu ikachanika kuanzia kwapani, na bibi harusi tangu aingie ndio kwanza nikamsikia sauti, anacheka chini kwa chini.

Hapo dereva wa tuktuk akatia kichwa, akaangalia dashibodi akapiga kelele, "Si hio hapo! O/D OFF! Imeandika ofu! Giaboksi imejizima yenyewe!" Na kweli kataa kadogo ka njano kanawaka. Umati ukasema aaah. Dalali akapunguza bei.

Nikampigia mzee wangu, fundi wa waya wa kule Barani, mtu ambaye baada ya swala ya adhuhuri hupenda kulala na ukimuamsha ujue una sababu. Nikaweka spika ya nje, sikio moja nimeliziba.

"Hio taa yawaka tuli ama yapepesa?"

"Tuli, mzee."

"Mbele kuna mtoto?"

"Yuko."

"Mwambie atoe mkono kwenye gia."

Nikatazama. Kumbe yule mtoto alikua tangu zamani achezea kile kidude cha ubavuni mwa mkono wa gia. Kikibonyezwa kinazima overidraivu, yaani ile gia ya nne, na taa inawaka tu kukuarifu, hakuna ugonjwa wowote. Kwa gari hizi zenye giaboksi ya umeme ugonjwa ni ikipepesa, hapo fundi hufungua boneti akaunganisha tundu za TE1 na E1 za soketi ya kupimia kwa kawaya, awashe swichi, akahesabu mipepeso: sita halafu mbili ni solenoidi (kile kisumaku cha umeme) namba moja au waya wake, sita halafu tatu ni namba mbili. Yangu ilikua tuli. Nikabonyeza, taa ikazima, umati ukashangilia, tarumbeta zikapanda juu, nikauvuta mkono wa gia na wapi, uko pale pale.

"Haya," mzee akasema, na miayo naisikia, "kanyaga breki, mtu aende nyuma aangalie taa za breki."

Aliyekua karibu na nyuma ni dalali. Akaangalia. "Hakuna kitu! Giza!"

"Alhamdulillahi," mzee akasema.

Wallahi ndio mara ya kwanza namsikia mtu ashukuru kwa taa mbovu. Akaniuliza kama najua swichi ya breki, ile iko juu ya pedali. Ile swichi, akasema, haipeleki umeme taa za nyuma pekee, huwa yaiambia na kompyuta ndogo ya gia kwamba dereva amekanyaga breki, ndipo solenoidi iliyo chini ya mkono wa gia iachie ule mkono utoke P. Zote zala kwenye fyuzi moja, imeandikwa STOP. Fyuzi ikifa, taa hazipo, na gia nayo yaona hujakanyaga breki hata ukikanyaga hadi bodi itoboke. "Giaboksi yako haina neno. Wewe una fyuzi."

(Baadae nilipompelekea gari alinieleza huu utaratibu ulitoka wapi. Miaka ya 1980 Marekani watu walilalamika sana kua magari ya otomatiki yaruka yenyewe yakitolewa P, serikali ikachunguza, na ripoti ya 1989 ikasema mara nyingi ni mguu uliofuata breki ukatua kwenye mafuta. Basi ndio kufuli hili likaenea, ukanyage breki kwanza. Kwa hio nilikwama Shela kwa ajili ya miguu ya watu wasionijua.)

"Sasa kando ya mkono wa gia," mzee akaendelea, "kuna kifuniko kadogo cha plastiki, kimeandikwa SHIFT LOCK. King'oe kwa kitu chembamba, ndani bonyeza, huku wavuta gia."

Lakini pale tarumbeta zimefika penyewe. Nilichosikia ni "ng'oa kifuniko", nikang'oa cha jivu la sigara. Mtoto akasaidia, akang'oa cha redio. Mjomba mtu na kanzu yake iliyochanika akaenda kuwaomba watu wa tarumbeta wapumzike, wakamjibu wamelipwa kwa saa. Mwishowe nikakiona chenyewe, kadude kadogo kuliko kucha, na ufunguo wangu mnene hauingii.

Shangazi alikua aangalia yote haya kimya, na kimya chake kilikua chatisha kuliko maneno. Akapeleka mkono chini ya mtandio, akachomoa chupio. "Hili ni la mamangu," akasema. "Likipotea na wewe upotee."

Likaingia sawasawa. Nikabonyeza, nikavuta, tak! gia ikatoka P kwa ulaini kama siagi. Vigelegele vilivyopigwa pale, kadhi mwenyewe hakupata.

Mimi nikadhani tumemaliza, mzee kwenye simu akaja juu. "Waenda wapi na huna taa za breki? Barabara ya Lamu hio, mabasi, malori, na daraja la Sabaki mbele! Rudisha P, tafuta fyuzi." Nikafungua kisanduku cha fyuzi. STOP imeungua, ile nyuzi ya ndani imekatika wazi. Kulikua na ya akiba, nikaichomeka, nikakanyaga breki, pap! nayo ikaungua. Dalali akang'aa uso. Dereva wa tuktuk akatoa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara akasema funga na hii, haitoungua tena milele. Mzee akasikia. Maneno aliyomwambia siyaandiki, mnasoma na wazazi, ila maana yake ni kua fyuzi huungua ili waya usiungue, na ukiikatalia ruhusa ya kuungua itakayowaka ni gari, na ndani kuna bibi harusi amepakwa udi na mafuta.

"Fyuzi mpya ikifa papo hapo kuna shoti. Nini kimeguswa leo?"

Watu wote wakageuka kuangalia ule mkanda wa taa za rangi.

Basi likafunguliwa buti. Zikatoka sinia za halwa, likatoka sanduku, ikatoka mikeka, ukatoka mto wa kijani, vyote vikapangwa barabarani na kuku wa mtu akaja kukagua halwa. Na pale ukingoni mabinamu walipokalia, waya wa kijana wa mapambo umebanwa hadi ngozi imekatika, shaba imelala juu ya chuma cha bodi. Nikafungua ule msokoto, nikakata waya wake wote, waya wa gari nikaufunga vizuri peke yake. Imebaki fyuzi, na akiba imekwisha.

"Azima," mzee akasema. "Tafuta ya ampea sawa, kwa kitu usichohitaji leo." STOP kwenye gari langu ni ya 15. Nikapitisha kidole kwenye ile orodha ya kifuniko: ile ya kiberiti cha sigara ni 15 pia. Nani avuta sigara na bibi harusi? Nikaichomoa, nikaipachika, nikakanyaga breki. Dalali akasema kwa unyonge, "Zawaka." Gia ikatoka P kwa mkono mmoja.

Tulipofika barabara ya lami shangazi akasema, "Haya tia taarabu." Nikabonyeza redio. Kimya. Nikabonyeza tena. Ndipo nikaisoma ile lebo mpaka mwisho, CIG & RAD, kiberiti na redio wala sahani moja. Nikamueleza shangazi, taa za breki au taarabu, kimoja.

Akavuta pumzi, akajiweka sawa kwenye kiti, akaanza kuimba mwenyewe. Jamani huyu mama ana koo! Daraja la Sabaki tumelipita kwenye ubeti wa pili, bibi harusi aitikia, mtoto apiga dashibodi, madirisha tumeyafungua na eisi tumezima ili walio nyuma nao wapate. Kilomita kama 15 hadi Mambrui hakunyamaza, ila alipokua akiwapasha watu wa upande wa bwana harusi, ambao wenyewe walikua hawajaonekana bado.

Mambrui tukapokewa, na mjomba wa bwana harusi akanivuta kando akauliza redio hio ni ya aina gani, sauti yake safi mno, na yeye ana binti aoza mwezi wa pili yake. Nikamwambia redio yenyewe ndio ile yashuka pale na mtandio, azungumze nayo bei. Wakakubaliana pale pale. Sharti la shangazi lilikua moja, gari liwe hili hili na fyuzi ya redio isirudishwe.