Seva ikikataa usiizibe mdomo, angalia saa kwanza

Jamani mafundi wenzangu wa Kigoma, hii tabia naomba tuiache. Seva mbili zikigoma kuelewana, mtu anazima ukaguzi wa cheti, kile kitambulisho ambacho seva inaionyesha mwenzake kuthibitisha ndiyo yenyewe, hafu anapiga chmod 777 kwenye folda, amri inayoifungulia kila mtu, mfumo unarudi, watu wanashangilia, yeye anakunja laptop anaondoka. Hapo hujatengeneza kitu, umevunja kitasa tu.

Nimeyakuta haya kwenye kituo kimoja cha afya, sikitaji jina. Seva moja iko mjini, nyingine Ujiji, zinatumiana kumbukumbu za wagonjwa. Usiku umeme ukakatika, asubuhi uliporudi seva ya Ujiji ikawa inakataa kila kinachotoka mjini, inasema cheti bado hakijaanza kutumika. Dada wa mapokezi akaniambia "kaka, mfumo umegoma tangu saa moja", na kwenye benchi kuna mama ametoka Kagunga na boti, mtoto mgongoni, faili lake lote liko mjini. Nikampigia mwenzangu, akaniambia we zima ukaguzi, watu wanasubiri.

Nikaandika date, amri ya kuiuliza seva tarehe na saa. Seva ikanijibu tarehe 1 Januari 2015.

Sasa cheti chenyewe kimetolewa mwaka jana, kwa seva inayojua tuko 2015 hicho ni cheti cha siku ambayo haijafika, kwa hiyo ilivyokikataa ilikuwa sahihi kabisa! Nikafungua kava, kile kibetri cha CR2032, cha duara kama sarafu, ndo kinachotunza saa umeme ukiwa haupo, kimekufa. Nikairudisha saa kwa NTP, huduma ya kuchukua saa sahihi kwenye mtandao, cheti kikapita hapohapo, na yule mama akaitwa ndani hata kava sijalifunga. Ningezima ukaguzi, kuanzia siku hiyo mtu yeyote anayeweza kuingia katikati ya ule mtandao angejifanya seva ya mjini na Ujiji ingempokea, wakati humo kuna majibu ya vipimo ambayo mtu hajamwambia hata mumewe. Haki ya nani, hapo siwezi kunyamaza.

Lakini kilichoniuma zaidi ni folda ya bakapu. Seva ya mjini inaifungua folda iliyoko Ujiji kwa NFS, njia ya kutumia folda ya seva nyingine kupitia mtandao, na fundi aliyenitangulia alishaiweka 777, yaani kila akaunti inasoma, inaandika, inafuta. Nikauliza kwa nini, nikaambiwa akaunti ya mapokezi ilikuwa inaambiwa haina ruhusa. Nikapiga id, amri inayoonyesha namba ya akaunti, kwenye seva zote mbili. Mjini mapokezi ni 1001. Ujiji 1001 ni duka la dawa, mapokezi ni 1002.

Hapa ndo wengi tunapotea. Sisi tunaona jina, ila NFS kwa mpangilio wake wa kawaida inapeleka namba tu, jina haliangalii kabisa, kwa hiyo mapokezi wa mjini akifika Ujiji anahesabiwa ni duka la dawa. Na kama unafanya kazi kama root, ile akaunti kuu ya seva, ukakataliwa, usishangae, kawaida NFS inamgeuza root kuwa mgeni asiye na kitu, na imewekwa hivo kwa makusudi.

Nikapanga namba zifanane pande zote kwa usermod, amri ya kurekebisha akaunti. Angalizo, usermod inabadilisha namba ya mwenye faili kwa zile zilizoko kwenye folda ya nyumbani ya huyo yuza tu, zile za nje zinabaki na namba ya zamani, inabidi uzitafute kwa amri ya find uzibadilishe mwenyewe, na mimi hiyo ilinila mchana mzima. Mwisho nikaitoa 777, nikajaribu kufungua ile folda kwa akaunti ya duka la dawa, ikakataa. Mapokezi, ikafunguka.

Namba zote nimeziandika kwenye karatasi nikaibandika ndani ya mlango wa kabati la seva, na kibetri kipya nimekiandikia tarehe kwa maka peni.