Haijajaribiwa, Hairudishwi: Muuzaji wa Mtandaoni Anajikinga au Anajificha?

Chini ya picha nyingi za vifaa vya umeme vya mtumba vinavyouzwa Instagram na kwenye magrupu ya WhatsApp ya Dar es Salaam utakuta maneno yaleyale: "Haijajaribiwa. Inauzwa kama ilivyo. Ikishauzwa hairudishwi. Mikoani tunatuma." Muuzaji akishaandika hivyo anahesabu kesi imekwisha. Mnunuzi wa Mbeya akifungua boksi akakuta kifaa hakiwaki, naye anahesabu ametapeliwa. Ugomvi unahamia kwenye komenti, mpaka mmoja ablokiwe.

Kanuni ya kutorudisha haikuanzia mtandaoni. Dukani Kariakoo, au Luthuli Avenue kule Nairobi, muuza vifaa vilivyotumika huwa na soketi ya kujaribia hapohapo kaunta. Unachomeka, unaona taa, unasikia sauti, unabonyeza vitufe, ukiwa na fundi wako unamwachia apekue. Ukilipa ukaondoka, mali ni yako pamoja na matatizo yake. Kwa mpango huo "ikishauzwa hairudishwi" ina haki ndani yake, kwa sababu mnunuzi amepewa nafasi ya kujiridhisha kabla ya kutoa hela. Biashara ilipohamia kwenye simu, tangazo lilihama na soketi ikabaki dukani. Mnunuzi wa mbali amebakiwa na nusu ya makubaliano, tena ile inayomfaa muuzaji.

Hata hivyo muuzaji ana hoja, na si ndogo. Wengi wao hununua kwa fungu kutoka kwa aliyeshusha kontena. Hawachagui. Kwenye fungu moja kuna laptop zisizo na chaja wala diski, kamera ambayo chaja yake haipatikani mjini, printa iliyokauka wino, televisheni isiyo na rimoti. Kujaribu kila kimoja kunahitaji chaja sahihi, waya sahihi, fundi na muda, na gharama hiyo lazima iingie kwenye bei. Wapo pia wateja wasiotaka kijaribiwe: fundi anayetafuta kioo cha laptop ya EliteBook au kibodi ya ThinkPad hana shida na bodi iliyokufa, anachotaka ni bei ya chini. Ukimlazimisha muuzaji kupokea kila kinachorudishwa, huyo fundi ndiye atakayekosa mzigo wa bei nafuu.

Halafu kuna wanunuzi wajanja, jambo ambalo watetezi wa wateja hawapendi kulizungumza. Mtu ananunua laptop, anavua RAM nzuri, yaani kumbukumbu inayoipa mashine kasi, anaweka ndogo, siku ya pili analalamika mashine inakwenda polepole na anataka hela yake. Mwingine anaipeleka kwa fundi wa kichochoroni, fundi anachokonoa na kukata waya mwembamba wa kioo, kisha mashine inarudi na maelezo kwamba "ilikuja hivi." Muuzaji asiyepiga picha namba za utambulisho wa kifaa (serial number) na asiyeweka stika kwenye skrubu hana cha kujitetea nacho.

Kipimo changu cha kwanza ni bei. Laptop ikiuzwa kwa bei ya spea, mnunuzi amelipwa mapema kwa hatari anayoibeba, na kuirudisha kwa sababu haiwaki ni kutaka kula pande mbili. Ikiuzwa kwa pungufu kidogo tu ya bei ya inayofanya kazi, muuzaji amechukua hela ya kifaa kizima huku akimwachia mwenzake hasara ya kibovu. Hilo neno "haijajaribiwa" halilisafishi.

Kipimo cha pili ni kama kweli alishindwa kujaribu. Televisheni yenye waya wake na plagi yake, ndani ya duka lenye umeme, kuijaribu ni suala la dakika. Anayesema hajaijaribu ama ni mvivu ama anajua jibu. Na tuseme ukweli, mara nyingi anajua jibu.

Mfano unaochosha kuliko yote ni wa amplifaya za Japani. Zinapendwa, ni nzito, sauti yake safi, na tangazo huandikwa "used Japani" kama sifa. Umeme wa Japani ni wa volti 100. Wetu ni 230. Nyuma ya amplifaya iliyotengenezwa kwa soko la kwao kuna kibandiko kinachosema AC 100V, na bila transfoma ya kushushia umeme haitakiwi kuguswa na soketi ya ukutani. Mnunuzi wa Mwanza anaipokea stendi, anafika nyumbani, anachomeka. Kunasikika mlio mmoja, harufu, kimya. Fundi akifungua anakuta fyuzi ya kioo imekuwa nyeusi kwa ndani, dalili kwamba umeme mkubwa ulipita kwa ghafla, na transfoma inanuka vanishi iliyoungua. Vumbi la miaka limelala juu ya bodi bila alama ya kidole. Kwa macho ya fundi hiyo ni mashine ambayo haikufunguliwa na mtu, na iliyoungua juzijuzi tu.

Nani abebe? Muuzaji atasema: niliandika haijajaribiwa, na wewe ndiye uliyeiunguza. Kwa kiasi fulani ni kweli. Kibandiko kilikuwa mkononi mwa mnunuzi pia, na mtu mzima anapaswa kusoma kabla ya kuchomeka. Lakini mimi namtwisha muuzaji sehemu kubwa zaidi. "Haijajaribiwa" inafunika yale yaliyo ndani ya boksi yasiyoonekana. Haifuniki maandishi yaliyo nyuma ya kifaa. Aliyejua mzigo umetoka Japani kiasi cha kuutangaza hivyo alikuwa na wajibu wa kuongeza mstari mmoja: inatumia volti 100.

Sheria nayo haijasimama upande mmoja. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya Tanzania, Sura ya 214, imefuata sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, na ya Kenya vilevile. Inadai bidhaa ifanane na maelezo yaliyotolewa, na anayefanya biashara ya bidhaa za aina hiyo huhesabiwa ameahidi kwamba inafaa kuuzwa hata asipotamka. Mnunuzi aliyeikagua hawezi kulalamikia kasoro ambazo ukaguzi ule ulipaswa kuzionyesha. Ndiyo ile soketi ya kaunta. Pande mbili zinaruhusiwa kukubaliana vinginevyo kwa maneno ya wazi, na hapo ndipo muuzaji anapopata nguvu. Ila Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara. Kuandika "haijajaribiwa" juu ya kifaa ulichokichomeka jana ukakiona kimekufa ni kupotosha, hata kama neno lenyewe linasikika la unyenyekevu.

Wenzetu walioko Uingereza wanaouza kwenye eBay, soko la mtandaoni, wameonja upande wa pili. Kule muuzaji huchagua hali ya kifaa, na kwa maelezo ya eBay yenyewe hali ya "kilichotumika" maana yake ni kwamba kinafanya kazi ipasavyo. Ukichagua hiyo kisha ukaandika kwa maandishi madogo kwamba hujakijaribu, mnunuzi akilalamika ndani ya siku 30 kwamba hakilingani na maelezo, andiko lako la "sipokei kurudishiwa" halikusaidii, na nauli ya kukirudisha ni yako. Kilichobaki ni kuchagua hali ya spea au kisichofanya kazi, na kukubali bei yake. Mfumo huu una wizi wake, maana wapo wanaorudisha boksi lenye kifaa kingine, lakini unamlazimisha muuzaji aamue mapema anauza nini.

Kuna jambo jingine ambalo huwa halitajwi hata kidogo. Umoja wa Ulaya, kwa agizo lake la mwaka 2012, unamtaka anayesafirisha vifaa vya umeme vilivyotumika awe na uthibitisho kwamba vimejaribiwa na vinafanya kazi. Bila hivyo vinachukuliwa kuwa taka. Na tangu tarehe 1 Januari 2025, chini ya Mkataba wa Basel, mkataba wa kimataifa unaodhibiti usafirishaji wa taka, taka za kielektroniki za aina zote haziruhusiwi kuvuka mpaka bila ridhaa ya nchi inayopokea. Kwa hiyo anayesema mzigo wake umetoka Ujerumani bila kujaribiwa ajue anachokiri. Ama karatasi za majaribio zipo na hataki kuzionyesha, ama kilichoshushwa bandarini kilikuwa taka.

Kwa muuzaji mdogo, njia nafuu ni kuirudisha soketi. Video fupi, kifaa kikichomekwa, namba zake zikionekana, jina la mnunuzi limeandikwa kwenye karatasi pembeni ili isiwe video ya zamani. Kama chaja haipo, aseme haipo. Kwa kifaa kilichouzwa kama kizima, siku mbili za kujaribu tangu kupokelewa stendi zinatosha, kwa masharti kwamba stika za skrubu hazijaguswa. Kwa kilichouzwa bei ya spea, siku hizo hazipo, na hilo lisemwe kabla hela haijatumwa, si baada ya malalamiko.

Linalobaki kugombaniwa ni nauli ya basi. Amplifaya ni nzito, na kutoka Mwanza hadi Dar kwenda na kurudi inaweza kula faida yote. Wapo wanaogawana nusu kwa nusu, na kwa kesi ambayo hakuna aliyedanganya naona ndiyo haki. Kwa kesi ya kibandiko cha volti 100 ambacho tangazo halikukitaja, muuzaji alipe nauli zote mbili.