Eti Wewe Umezoea Joto

Mwezi wa nane hapa Atlanta usukani wa gari haushikiki. Nimeweka taulo kwenye kiti cha mbele, kazi yake ni moja tu, kushikia usukani mpaka kiyoyozi kipate akili. Na hata hapo bado kuna ile klipu ya chuma ya mkanda, imekaa juani tangu asubuhi inakungoja. Unavuta mkanda, umevaa shati la mikono mifupi, klipu inakupitia kwenye mkono, tss! Nina alama ambazo nikirudi Dar watu watauliza nimechanjwa chale na mganga gani.

Simu inasema nyuzi 95. Wenzetu hawa wanapima kwa Farenhaiti, nadhani kwa sababu ukimwambia mtu "leo 35" hawezi kukuonea huruma. Tatizo lenyewe wala si namba. Dar jua likikuzidi unakaa chini ya mwembe, upepo wa bahari unapita, unaendelea na maisha. Hapa bahari iko Savannah, mwendo wa saa nne kwa gari, na kivuli kipo lakini nacho kina moto wake. Jua lenyewe linazama saa mbili na ushee usiku. Yaani wakati nyumbani mtu ameshakula na anangoja taarifa ya habari, huku mwenzake bado amevaa miwani ya jua.

Lakini kinachonikera zaidi ya joto ni midomo ya watu. Ninafanya kazi ghalani. Ghala halina kiyoyozi, lina feni kubwa inayolitoa joto kona hii na kulipeleka kona ile. Msimamizi wetu, baba wa miraba minne, mzaliwa wa hapa hapa Georgia, akinikuta nimeinamia ndoo ya barafu hunipiga begani akasema, "Aaa, wewe hii si kitu. Umetoka Afrika, umezoea."

Nimezoea nini? Mwezi wa nane Dar es Salaam ni kipupwe! Kusi inavuma, usiku watu wanatafuta shuka zito, na dereva wa bodaboda anavaa jaketi kana kwamba anavuka Kilimanjaro. Joto la Dar lina msimu wake, linakuja Desemba mpaka Machi, nalo linaheshimu kalenda. Nimemweleza hayo msimamizi kwa ramani, kwa simu, kwa kuchora chini kwa chaki. Anatikisa kichwa kwa adabu. Kesho yake: umezoea.

Afadhali mimi. Jirani yangu hapa Clarkston ni Mkongo wa Bukavu. Clarkston ni mji mdogo mashariki mwa Atlanta, kwa miongo kadhaa umekuwa ukipokea wakimbizi, kwa hiyo kwenye korido moja una Msomali, Mburma, Muafghani na sisi, na kila mmoja ameshaambiwa na mwenyeji kwamba kwao ni joto. Mkongo wangu hilo neno linamtoa machozi. Bukavu iko kandokando ya Ziwa Kivu, kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. "Papa," ananiambia, amekaa ngazini na miguu ndani ya beseni, "siye kule tunalala na blanketi. Hii joto nilizoea wapi?" Nami sina jibu, namwongezea barafu kwenye beseni.

Halafu ukiingia ndani unaganda. Hii ndiyo siri ya watu wa Kusini mwa Marekani, hawaishi na joto, wamelikana. Benki baridi, basi baridi, msikitini baridi mpaka imamu anafupisha sura. Supamaketi kwenye sehemu ya maziwa nimeona bibi kizee amevaa koti la sufi na glavu, anachagua mtindi, na nje lami inanata kwenye soli. Mtu mzima hapa anatembea na sweta mwezi wa nane, si kwa ajili ya hali ya hewa, kwa ajili ya majengo.

Nyumbani kwangu vita iko ukutani. Kuna kile kidude cha thamostati, cha kukiambia kiyoyozi kishushe joto mpaka nyuzi ngapi. Mimi nakiweka 78, kama wizara yao ya nishati ilivyowahi kushauri, mimi ni raia mwema. Mama watoto ni Msambaa wa Lushoto, amezaliwa ndani ya ukungu. Anapita koridoni anajifanya anaelekea jikoni, kidole kinagusa, tik, 72. Napita naelekea chooni, tik, 78. Usiku wa manane naamka meno yanagongana, naenda kuangalia, 68! Namuuliza, anasema labda watoto. Mtoto mwenyewe hata akisimama juu ya ndoo hakifikii. Na yeye huyo huyo amejifunika blanketi mpaka puani. Tunalipia baridi, kisha tunajifunika kujikinga na baridi tuliyoilipia. Bili ya umeme ya Agosti ikija naisoma nimesimama, maana ukikaa huwezi kuinuka.

Jumamosi ungesema upumzike. Saa moja asubuhi anakuja kijana na mashine ya kupuliza majani, ameibeba mgongoni, ina injini, ina bomba, ina moshi, inanguruma kuliko pikipiki isiyo na eksozi. Nikafungua dirisha nimwangalie vizuri. Kulikuwa na majani kama saba chini ya mti. Kijana akayapuliza, yakaruka, yakatua upande wa jengo la pili. Akapuliza tena, moja likarudi. Akalifuata. Wallahi akalifuata hilo jani moja uwanja mzima, na injini yote ile, mpaka likaingia chini ya gari langu, akaridhika, akaondoka. Nusu saa baadaye akaja kijana wa jengo la pili, naye na mashine yake, akaanza kuturudishia majani yetu. Bibi yangu kwa fagio la chelewa angekuwa ameshamaliza ua, amemwagia maji, na amepata muda wa kumsema jirani.

Wakati wanahangaika na jani moja, nyuma ya maegesho kuna msitu mzima unakuja kutumeza. Kuna mtambazi unaitwa kudzu. Ulitoka Japani, ukaonyeshwa kwenye maonyesho ya Philadelphia mwaka 1876, mmea mzuri wa kupamba baraza. Kufika miaka ya 1930 serikali ikaona ndiyo dawa ya mmomonyoko wa udongo, ikawa inawalipa wakulima mpaka dola 8 kwa ekari ili waupande. Inawalipa! Leo umepanda juu ya miti, nguzo za simu, vibanda, na kuna gari bovu huku kwetu ambalo nililiona Juni na sasa siwezi kukuonyesha liko wapi. Ubaya ni kwamba mwisho wa Agosti unatoa maua ya zambarau yenye harufu nzuri ya zabibu, hata kuuchukia huwezi kwa raha.

Na buibui je? Kuna buibui wa Joro, naye katoka Asia ya Mashariki, hapa Georgia ametambuliwa tangu mwaka 2014. Jike ni wa njano, ukimnyoosha miguu anajaza kiganja, na msimu huu ndio anafikia ukubwa wake. Anatandaza nyuzi za rangi ya dhahabu kutoka kwenye paa mpaka kwenye waya wa umeme, kwa urefu ule ule wa uso wangu. Wataalamu wanasema hana madhara kwa binadamu. Mtaalamu hajatoka mlangoni saa kumi na moja alfajiri, giza, anawahi zamu, akaingia kazini na nyuzi za dhahabu kwenye nyusi.

Foleni sitaki kuisemea sana. Barabara ya mzunguko, ile 285, ina urefu wa kilomita kama 100, na unaweza kuumaliza mji mzima usifike popote. Shule zinafunguliwa mwanzoni mwa Agosti, bado jua kali, basi la njano likisimama na kutoa kibao chake, magari yanasimama pande zote mbili mpaka mtoto wa mwisho afunge kamba ya kiatu. Hilo nalipenda, nikisema kweli. Nisilolipenda ni majina ya mitaa. Mitaa yenye jina la Peachtree, yaani mpichi, inapita 70. Ukielekezwa "pinda Peachtree" hujaelekezwa, umefukuzwa. Na jimbo linajiita la mapichi, wakati California inalima mengi zaidi, na hata jirani zao wa South Carolina kwa kawaida wanawazidi.

Chakula, hapo nina maneno mawili. Bamia wanazikata, wanazizungusha kwenye unga wa mahindi, wanazikaanga, na hapo sina neno, Mungu awabariki. Karanga wanachemsha na maganda yake kama sisi, wanauza kwenye sufuria pembeni mwa barabara, ila chumvi ni ya kuhifadhia papa. Kunde wanazo. Sukuma wiki wanayo, ile ile, lakini inakaa motoni tangu asubuhi mpaka inasahau kwamba iliwahi kuwa kijani, halafu ndani wanatumbukiza kongoro la nguruwe la kukaushwa kwa moshi. Mimi na mama watoto tukialikwa tunatazamana. Mwenyeji anatuhurumia: "Kuleni jamani, haina nyama hiyo, ni mboga tu." Kisha anatuletea chai. Chai yenyewe ina barafu.

Mwisho wa Agosti mpira unaanza, ule wa kukumbatia kwa mikono. Mashabiki wa Chuo Kikuu cha Georgia alama yao ni mbwa, na kushangilia kwao ni kubweka. Hawaigizi kidogo, wanabweka. Msimamizi wangu, baba wa watoto wanne, mzee wa kanisa, anafungua mlango wa ghala Ijumaa na kubweka mara tatu, na kutoka nyuma ya maboksi anajibiwa. Siku ya kwanza nilipanda juu ya meza.

Ikaja wikendi ya sikukuu yao ya wafanyakazi, Jumatatu ya kwanza ya Septemba, sikukuu ambayo mimi mfanyakazi huwa niko kazini. Jumamosi asubuhi nimepanda treni ya kwenda mjini. Kituo kinachofuata akaingia mtu amevaa manyoya ya zambarau mwili mzima, kichwa cha mnyama amekishika kwapani, mkia unaburuzika. Akaketi karibu yangu, akauokota mkia, akaupakata vizuri mapajani nisije nikaukalia. Adabu anayo. Nyuma yake akaingia mwingine na deraya ya bati na upanga, tena amenunua tiketi kama kawaida. Nikaanza kusoma Ayatul Kursi kimoyomoyo. Kumbe ni watu wa Dragon Con, mkutano wa wapenda visa vya mazimwi, vyombo vya anga na mashujaa wa katuni, unafanyika hapa tangu mwaka 1987, na Jumamosi hiyo wanaandamana mtaa wa Peachtree, ule Peachtree wenyewe, na mji mzima unatoka kutazama. Jasho lilikuwa linamtiririka mwenye manyoya mpaka linadondoka kwenye mkia. Nikashindwa kuvumilia, nikamuuliza kama haoni joto.

"Mwaka wa kwanza tu," akanijibu. "Baadaye unazoea."

Angalau yeye alikuwa anajisemea mwenyewe.

Sasa nenda dukani uone maajabu. Nje nyuzi 95, mlangoni wamepanga maboga ya plastiki. Majani makavu ya bandia yanauzwa, wakati yale ya kweli kijana anayafukuza na injini. Kuna mafuvu, kuna mabuibui ya mpira (njooni kwangu mchukue ya bure), na kuna kiunzi cha mifupa chenye urefu wa futi 12 cha kusimamisha uani kwa ajili ya Halloween, sikukuu yao ya kutishana, mwisho wa Oktoba. Mama watoto alikitazama akasema kwao Lushoto ukisimamisha kitu hicho barazani, kufika magharibi kijiji kizima kimeshakaa kikao, na ajenda ni wewe. Na nyuma ya mifupa, safu nzima, makoti ya baridi. Yenye manyoya shingoni.

Nilikuwa nayacheka hayo makoti mpaka shemeji alipopiga simu ya video kutoka Lushoto. Kofia ya sufi, skafu, mikono ameibana kwapani, nyuma yake ukungu hata mnazi wa jirani, samahani, mnazi Lushoto utaupata wapi, hata mkaratusi wa jirani hauonekani. Anatetemeka. "Shemeji, mwaka huu baridi itatutoa roho. Nyie huko Marekani makoti si yapo? Nitumie moja zito."

Basi nikasimama kwenye foleni ya dukani, jasho linashuka mgongoni, mkononi nina koti la kuvukia theluji. Mhudumu wa kaunta alikuwa mama wa makamo. Mama wa Kusini hawa kila mteja wanamwita mpenzi, na imenichukua kazi kumweleza hivyo aliyesimama nyuma yangu amenishikia pochi. Mama akalipindua koti, akanitazama, akatazama jua nje.

"Unasafiri kwenye baridi, mpenzi? Unakwenda wapi?"

"Linakwenda Afrika."

Akacheka mpaka foleni nzima ikageuka. Akafuta machozi, akalikunja koti vizuri, akanipa risiti na kuizungushia kalamu kwa chini.

"Una siku 30 za kulirudisha, mpenzi," akasema. "Wakiona joto."